Kuomba Radhi kwa Bunduki

Sajini Genzo Mizutani hakuwa mtu wa kusali, lakini asubuhi ile, ndani ya ghala la silaha kando ya uwanja wa ndege, alijikuta anasali mbele ya vyuma. Mezani kwake zilikuwa zimelazwa rashasha fupi za kikosi cha miavuli, zimepangwa kama samaki sokoni, na alitakiwa azikague zote kabla ya adhuhuri. Jioni wenye bunduki hizo wangepanda ndege, wavuke bahari mpaka Okinawa, kisiwa ambacho Wamarekani walikuwa wamekwisha kukivamia, na ndege zao zitue kwa matumbo, bila magurudumu, katikati ya uwanja wa adui. Ambao wangekuwa bado wanapumua wangetoka mbio, rashasha mkononi na baruti mgongoni, walipue kila ndege watakayoikuta. Baada ya hapo amri ilinyamaza. Hapakuwa na neno hata moja juu ya kurudi, na hakuna aliyethubutu kuuliza.

Bunduki iliyokuwa karibu na dirisha ilikuwa ya Tamotsu.

Tamotsu alikuwa mpwa wake, mtoto wa dada yake Fusae, na ndiye pekee aliyesalia. Kaka yake mkubwa alifia China. Wa pili alizama na meli, na mama yao akaletewa kisanduku cheupe cha mbao ambacho alipokitikisa kililia kokoto, maana mwili haukupatikana na jeshi halikutaka kumpa mama kisanduku kitupu. Huyu wa mwisho alipoitwa, Fusae alisimama siku nzima nje ya stesheni akiwabembeleza wanawake wapita njia, kila mmoja amshonee fundo moja jekundu kwenye mshipi wa kitambaa, mpaka mshipi ukajaa mafundo ya watu asiowajua. Mwanawe auvae kiunoni, umkinge. Kisha akamvuta Genzo pembeni akamwambia kwa sauti ya chini, "Kaka, huyu nirudishie." Alinong'ona kwa sababu siku hizo mama kutaka mwanawe arudi lilikuwa neno la kupelekwa polisi. Genzo aliitikia kwa kichwa. Tangu siku ile kichwa hicho hakikumpa raha.

Zile bunduki alizijua kuliko alivyoijua mikono ya mkewe. Kabla ya kuvishwa sare alikuwa fundi kwenye kiwanda cha silaha, na alikuwepo tangu zilipokuwa michoro tu. Wakubwa hawakuzitaka. Miaka nenda miaka rudi waliletewa rashasha za Kizungu, wakazifyatua, wakakunja pua: bunduki ya kumwaga risasi kama mtu anayewamwagia kuku mtama, ya nini? Askari wa Mfalme afyatue moja, impate mtu, kisha amkimbilie adui na singe. Walipokubali hatimaye, tena kwa shingo upande, walidai rashasha nayo iwe na mahali pa kufungia singe. Genzo siku ile alicheka kimoyomoyo. Bunduki inayomaliza magazini nzima ukipiga chafya, halafu mbele yake kisu! Lakini fundi si wa kubishana na nyota za begani. Waliitengeneza hivyo hivyo, wakaiita Aina ya Mia.

Za mwanzo zilitoka nzuri, lazima aseme. Kila kipande kilipigwa tupa kwa mkono mpaka kikakaa mahali pake. Kisha vita ikageuka, na ghafla wale wale waliokunja pua wakazitaka kwa maelfu, tena jana. Tupa zikawekwa chini. Vyuma vikachomelewa harakaharaka na wasichana waliotolewa madarasani, mbao zikaachwa na alama za msumeno, na kilengeo cha kurekebisha kikatupwa, kikawekwa kipande cha bati kisichosogea. Hizi zilizokuwa mezani ndizo za mwisho mwisho, na ukizipitishia kidole uliwasikia wale watoto walivyokuwa na njaa.

Na ndipo wazo likamjia. Kapteni Uragami, mkuu wa kikosi, alikuwa ametamka mbele ya wote: "Asiye na silaha hana kiti. Siendi na watalii." Bunduki za ziada hazikuwepo. Walikuwepo askari wa akiba, kila mmoja na bunduki yake, wakiomba usiku na mchana mwenzao aharishe ili wapate nafasi. Bunduki ya Tamotsu ikikataliwa, Tamotsu angebaki. Basi. Ilikuwa rahisi hivyo tu.

Alifikiria kwanza pini ya kufyatulia, akaiacha haraka. Sehemu ndogo ikivunjika au ikipotea, lawama ni ya askari, na Genzo aliwahi kuona lawama ya namna hiyo. Kule Manchuria kuruta mmoja alipoteza skrubu ya bunduki yake kwenye theluji. Kampuni nzima ilitambaa ikiitafuta, haikuonekana, na kesho yake kuruta alikutwa ananing'inia kwenye banda la farasi. Skrubu iliokotwa masika, theluji ilipoyeyuka. La hasha, si pini. Lazima kiwe kitu ambacho askari hawezi kukivunja hata akitaka, kosa la kiwanda, kosa la msichana fulani asiye na jina.

Akachagua mchomeleo unaoshika mahali pa kuingizia magazini, ubavuni mwa bunduki. Aliegemeza patasi ya chuma, akapiga nyundo mara moja, akasikiliza nje, akapiga tena. Mchomeleo ukapasuka kama biskuti. Ufa mpya hung'aa, kila fundi anajua, kwa hiyo aliupaka mafuta machafu, akausugulia vumbi la sakafuni mpaka ukawa mweusi, ukaonekana ulizaliwa pamoja na bunduki. Akaichomeka magazini, nayo ikalegea ikachezacheza kama jino bovu. Genzo aliinua uso, na kwa mara ya kwanza tangu alipotoka stesheni ile alivuta pumzi ikafika tumboni.

Adhuhuri kikosi kilipangwa mstari mbele ya ghala. Vijana walikuwa wamepakaza nguo zao wino na majani ya kusaga ili zisionekane, wengine wakitafuna viazi vitamu vya kuchemsha kwa siri. Genzo alitoa bunduki moja moja, kila mwenyewe akaipokea kwa mikono miwili akainama. Alipofika kwa Tamotsu alisimama.

"Kapteni. Hii imekataliwa. Mchomeleo wa magazini umepasuka. Kasoro ya kiwandani."

Kapteni Uragami aliichukua, akaigeuza juani. Alikuwa kijana, uso laini, na hakupenda kelele. Alichunguza ufa kwa muda mrefu kuliko Genzo alivyotarajia. Kisha akaupitisha ukucha, akautazama ule weusi uliobaki kwenye ukucha.

"Huu ufa si wa leo," alisema. "Una mafuta, una uchafu wa siku nyingi. Bunduki hii imesafishwa kila jioni na mwenyewe, au sivyo? Basi mwenyewe ameuona kila jioni, akanyamaza."

Genzo alipiga hatua mbele. "Kapteni, hizi za karibuni zinatoka kiwandani hivyo hivyo. Mimi mwenyewe nilikuwa..."

"Sajini, unasema silaha aliyotupa Mfalme ilikuja mbovu?"

Sajini Idogawa, mkufunzi wa kikosi, mwanamume mwenye shingo nene, alikuwa ameshafika mbele ya Tamotsu. Kofi lililia mpaka ndege wakaruka kwenye paa.

"Uliiangusha?"

Tamotsu alikuwa amekakamaa, macho mbele. Genzo alimwombea kimoyomoyo: kana, mwanangu, kana.

"Ndiyo, Sajini! Niliiangusha!"

"Lini?"

"Kwenye mazoezi ya kuruka, Sajini! Niliiangukia. Nikanyamaza!"

Mstari mzima ulisikia. Hakuna aliyecheka, na Genzo alijua maana ya kutocheka kwao: walikuwa wamekwisha kumhesabu mwoga. Kapteni aliirudisha bunduki mikononi mwa Tamotsu kwa upole, kama mtu anayemrudishia mwenzake mtoto mgonjwa.

"Utabaki," alisema. "Nishimori wa akiba atachukua kiti chako. Wewe utasimama kando ya njia ya ndege, utaomba radhi mpaka tutakapoondoka. Kisha utaikabidhi ghalani."

Kuomba radhi huko kulijulikana na kila aliyepita kambini. Unaishika bunduki kwa heshima mbele ya kifua, mikono imenyooka, unaiita kwa jina lake kamili kama unavyomwita jenerali, unaitubia. Mikono ikishuka, unapigwa. Makuruta walifanyiwa hivyo kwa tone la kutu, na wakishatoka pale walitaniwa wiki nzima. Lakini huyu hakuwa kuruta, na hapakuwa na wiki.

"Mheshimiwa Rashasha Aina ya Mia!" Sauti ya Tamotsu ilisikika hadi jikoni. "Mimi askari Tamotsu Kuwabara, kwa uzembe wangu nimekujeruhi! Naomba radhi!" Kisha tena. Na tena.

Nishimori alipita na mizigo yake, kijana wa maskani, mdomo haufungi hata kwenye mazishi. Furaha ya kupata kiti ilikuwa inamtoka masikioni, na aibu ya kuipata hivyo ilikuwa inamvuta chini, basi akafanya alichokijua, akatania.

"Wee Kuwabara, mpose basi huyo bunduki, maana kwa maneno hayo mazuri atakukubali. Kiti chako nitakikalia taratibu, nisikichafue. Nikifika kwa kaka zako niwaambieje?"

"Waambie nachelewa," Tamotsu alisema bila kugeuza shingo.

"Nitawaambia uko na mchumba." Akampiga bega, mkono ukakawia kidogo pale begani, akaondoka.

Genzo alijipa kazi hapa, akajipa kazi pale, mpaka Idogawa alipokwenda kukagua baruti. Ndipo akaja na birika la maji.

"Kunywa."

"Siruhusiwi kushusha mikono, Mjomba." Kikosini alimwita Sajini siku zote. Hilo la mjomba lilimponyoka.

"Nitakunywesha."

Akamnywesha. Maji mengine yalimwagika kidevuni yakaingia shingoni, na pale shati lilipofunguka Genzo aliona ukingo wa ule mshipi wa mafundo mekundu. Mikono ya kijana ilikuwa inatetemeka mpaka magazini, ile iliyolegea, ikawa inagongagonga.

"Ichomelee, Mjomba. Mtungi wa gesi si uko ghalani? Dakika chache tu. Wewe ndiye uliyezitengeneza hizi."

"Gesi imekwisha." Gesi ilikuwepo, tele.

"Basi ifunge kwa waya."

"Waya hautashika. Ukifyatua tu itakwama, utakufa bure."

Tamotsu alicheka kidogo puani. "Kwani kule kuna wanaokufa kwa faida?"

"Tamotsu, sikiliza. Mama yako ana wewe tu. Kubaki si dhambi. Vita yenyewe hii..." Akatazama nyuma yake. "Mama yako anakungojea."

"Ananingojea?" Kijana aligeuza macho kwa mara ya kwanza, yalikuwa mekundu. "Mjomba, kucha zangu na nywele zangu zimeshakwenda. Tulikata wote, tukazifunga, zikapelekwa majumbani badala ya maiti. Mama ameshaziweka mbele ya picha za kaka zangu. Ameshachoma udi. Majirani wameshakuja kumpa pole na kumpongeza. Sasa nikatokee mlangoni niseme nini? Kwamba nimerudi kwa sababu niliharibu bunduki?"

"Atafurahi mpaka azimie."

"Atafurahi siku moja. Kesho yake atakwenda kisimani, akutane na macho ya wanawake wenzake. Kinachoniuma si hicho. Niliiangukia kweli, unajua? Wiki iliyopita, kwenye ile ndege ya mbao ya mazoezi. Nikaipangusa, nikaitazama, sikuona ufa. Nikasema ah, kimya. Kumbe ulikuwepo. Nilikuwa nao kila jioni na sikuuona. Ni mtu gani asiyeona kitu kama kile?"

Ulimi wa Genzo ulikuwa tayari. Sentensi yenyewe ilikuwa fupi: ufa ni wangu. Lakini aliiona na njia yake yote. Tamotsu angepiga kelele palepale, angekimbia kwa Kapteni, mchomeleo ungefungwa kwa dakika chache, kijana angepanda ndege, na mjomba mtu angesimamishwa ukutani. Ule ukuta aliuogopa, asijidanganye, lakini alichokiogopa zaidi ni kile kiti. Ndege zikiondoka, aliwaza, nitamwambia. Atanichukia mpaka nife, atanitemea mate, lakini atakuwa anayatema akiwa hai.

"Sajini Mizutani!" Idogawa alipaza sauti kutoka kwenye ndege. "Magazini za akiba za kikosi ziko wapi?"

"Zinakuja!" Genzo akajibu. Kwa Tamotsu akasema tu, "Nikirudi tutazungumza. Nina jambo la kukwambia."

"Ndiyo, Mjomba," Tamotsu alisema, akainua bunduki juu zaidi. "Mheshimiwa Rashasha Aina ya Mia!"

Baadaye Genzo alijiuliza kwa nini hakudai magazini iliyokuwa kwenye bunduki ile, wala zilizokuwa kwenye mkoba wa kiunoni mwa kijana. Fundi silaha hukusanya risasi kwanza, ndipo bunduki. Hata mlevi anajua. Lakini furaha aliyokuwa ameificha ilikuwa imempumbaza.

Jioni walikunywa kila mmoja kikombe kidogo cha sake, pombe ya mchele, wakainama kuelekea kasri la Mfalme, wakapanda. Nishimori alikuwa wa mwisho kwenye ndege yake, na kutoka mlangoni alipunga mkono kuelekea kando ya njia ambako Tamotsu alikuwa bado amesimama, mikono imenyooka. Injini zikanguruma, vumbi likapanda, ndege zikajikokota na matumbo yao mazito zikaondoka moja nyuma ya nyingine. Wote waliobaki walipunga kofia mpaka zikawa nukta, na nukta zikayeyuka. Genzo naye alipunga. Machozi yalimtoka, akaona ni vizuri, maana kila mtu alikuwa analia na hakuna ambaye angeuliza yake yalikuwa ya nini.

Alipogeuka, Tamotsu hakuwepo pale kando. Amri ni amri: ndege zikiondoka, akabidhi bunduki ghalani. Basi yuko ghalani. Genzo alitembea polepole akipanga maneno. Ataanza na Fusae pale stesheni. Hapana, ataanza na patasi, aseme kwanza lile baya, halafu amwache ampige akitaka.

Akasikia mlio. Mfupi, mkavu, kama kitambaa kizito kinachochanwa kwa mkupuo mmoja. Hakuhitaji kujiuliza ni bunduki ya namna gani.

Viatu vya Tamotsu vilikuwa nje ya mlango wa ghala, vimepangwa sawasawa, ncha zikitazama nje, kama mtu aliyeingia nyumbani kwa watu. Mwenyewe alikuwa amekaa sakafuni, ameegemea mguu wa meza ya kazi, kidevu kifuani, na shati lilikuwa wazi kwa sababu mshipi ulikuwa umevuliwa. Ulikuwa kwenye bunduki. Alikuwa ameuzungusha pale penye ufa, akaupitisha juu ya magazini na chini ya mtutu, akavuta, akazungusha tena, akakaza, akafunga. Magazini haikuwa inacheza hata kidogo. Maganda ya risasi yalikuwa yamezagaa penye vumbi lile lile ambalo Genzo alilichota asubuhi.

Haikukwama. Genzo alikaa chini kando ya mpwa wake, na akili yake ya kifundi, aliyoichukia saa ile kuliko kitu chochote duniani, ilikuwa inamwambia hilo moja tu: ilifyatua vizuri, haikukwama.

Aliona tu kwamba mshipi haufai kukaa pale. Mshipi ni wa Fusae, lazima urudi kwa Fusae, usikutwe kwenye kile chuma. Akaanza kufungua fundo.

Bado alikuwa anahangaika nalo aliposikia injini moja juu, inakohoa. Watu nje wakaanza kukimbia. Ndege iliteremka ikiyumba, ikagusa chini, ikaruka, ikatulia mwisho wa njia na moshi ubavuni. Sauti zikasikika: injini imeharibika baharini, imerudi, wote wazima, wote. Mtu fulani alikuwa anacheka na kulia kwa wakati mmoja. Nyayo zikaja mbio kwenye kokoto, zikasimama ghafla nje ya mlango, pale penye viatu.

"Kuwabara!" Ilikuwa sauti ya Nishimori, pumzi zinamwishia. "Kuwabara, wee mkosi, toka humo! Kiti chako nimekurudishia, hata mkwaruzo hakina! Sajini, yumo humu?"

Genzo hakuinua uso. Tamotsu alikuwa amelikaza lile fundo barabara, na vidole vya mjomba wake vilikuwa vinateleza.